Ukibebwa, Ni Lazima Ubebeke?

Desemba iliyopita mama yangu alikataa kubebwa na wanaume wanne, nami nikamwonea aibu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Tena kila nikisimulia kisa hiki, watu huniuliza swali lile lile: sasa alikuwa anataka nini?

Alikuwa anataka kupanda bembea. Si ile ya kamba na ubao. Nasema lile gurudumu kubwa lenye viti vya kuning'inia, linalokupandisha juu ya miti halafu linakurudisha chini huku tumbo limebaki kule juu. Msimu wa likizo mashine kama hizo hukosi kuziona Kisumu, pamoja na farasi wa kuzunguka na zile nyumba za kupulizwa hewa ambazo watoto hurukaruka ndani. Uwanja na mwenye mashine nitawaacha bila majina. Sidhani walikuwa wabaya kuliko wengine.

Mama ni mwalimu mstaafu. Kwetu Maseno hakuna anayemwita kwa jina lake, yeye ni Mwalimu tu, hata kwa watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukakataa kumtii. Anaweza kusimama akishika kitu. Anaweza kupiga hatua nne, tano siku nzuri. Zaidi ya hapo anatumia skuta ya umeme, kiti chenye magurudumu manne na usukani mbele, ambayo mamangu mdogo aliyeko Minnesota aliinunua mitumba akaituma kwa meli. Ilifika na chaja ya stima ya Marekani, volti 110, na kwetu ni 240, kwa hivyo fundi mmoja wa Kondele akatutafutia transfoma. Watoto wa jirani wanaiita gari ya Mwalimu.

Siku hiyo tulikodi Probox. Tulifungua skuta vipande vipande, kiti kando, betri mbili kando, tukavipanga nyuma, tukashuka Kisumu. Ni kama kilomita ishirini na tano. Mpwa wangu wa miaka saba aliimba njia nzima. Alikuwa ameahidiwa na nyanya yake: "Tutapanda pamoja."

Kijana wa tiketi aliitazama skuta, kisha akanitazama mimi. "Huyu mathe atapanda aje?"

"Niulize mimi," Mama akasema.

"Pole, Mathe. Hii si ya watu wa wilchea."

"Kwa nini?"

"Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya bosi."

Foleni ikaanza kunung'unika, lakini kwa upande wetu. Msee mmoja akasema, si tumbebe tu? Wanne wakajitokeza mara moja, wengine wakatoa simu. Nasema kweli, nilifurahi. Nikaona hii ndiyo Kenya ninayoijua, huwezi kukosa mtu wa kukushika mkono. Mama akainua kiganja, vile alivyokuwa akinyamazisha darasa.

"Asanteni, wanangu. Hapana."

Kukawa kimya kibaya. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Mama, ukibebwa, bebeka."

Hakunijibu. Akarudisha skuta kinyumenyume. Ile skuta ikirudi nyuma hulia tiit, tiit, tiit, kama lori, na ililia hivyo mita nzima tatu watu wakitupisha. Nikampeleka mtoto mimi. Tulipofika juu kabisa nikatazama chini, nikamwona Mama amepakata mikoba yetu na viatu vya mtoto. Nikakumbuka kwamba nilishawahi kumwona hivyo hivyo, mahali kama pale, nikiwa na miaka minane. Wakati huo miguu yake ilikuwa mizima. Alibaki chini kwa sababu pesa zilitosha watoto tu. Mama yangu hajawahi kupanda ile bembea maishani mwake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na mimi mwenyewe. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipoisha, kwa hivyo usitarajie nikupe nadharia yenye jina refu. Nina maswali matatu, nayajibu kwa mpangilio yalivyonijia usiku.

La kwanza ni lile ambalo rafiki zangu huuliza kwa upole: kwani bembea ni haki? Kuna zahanati zenye ngazi tatu mlangoni na hakuna njia ya kiti. Kuna choo cha shule ambacho mtoto mwenye magongo hawezi kuingia. Matatu inapita mtu akiwa steji kwa sababu makanga hataki kupoteza dakika mbili. Kati ya hayo yote, unalilia bembea?

Nilipokuwa naandaa makala haya nilienda kusoma sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika kwa njia inayofaa katika maeneo yote. Maeneo yote, si hospitali na mahakama peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, una kifungu kizima, cha 30, kuhusu utamaduni, michezo, burudani na utalii. Waliouandika walijua swali la rafiki zangu lingeulizwa, wakalijibu mapema.

Lakini sheria ikisema jambo, bado unaweza kuuliza kama ilisema vizuri. Mimi nadhani ilisema vizuri, na ushahidi wangu ni mimi mwenyewe. Siku ile nilipopanda bembea nilikuwa na deni la karo, na kodi ya nyumba ya mwezi mzima ilikuwa haijalipwa. Hakuna mtu kwenye foleni aliyeniambia, dada, maliza shida zako kwanza ndiyo uje ucheke. Ile kanuni ya shida kwanza raha baadaye tunawawekea watu fulani tu. Mtu mwenye ulemavu akitaka dawa, tunamwelewa. Akitaka kupiga kelele juu ya gurudumu na mjukuu wake, tunashangaa, kana kwamba ulemavu ni kazi ambayo amepewa na sasa ameiacha kituoni.

Na tufikirie hiyo foleni ya mahitaji. Ikiwa raha itangoja mpaka zahanati zote zipate njia za viti, Mama atakufa akiwa chini na mikoba. Kwa sensa ya 2019, asilimia 2.2 ya Wakenya wenye miaka mitano na zaidi wanaishi na ulemavu, kama watu laki tisa, na shida ya kutembea ndiyo inayoongoza. Hao ni wajukuu wangapi walioambiwa, nenda na shangazi, Dani atakungoja hapa?

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu ndilo ambalo yule kijana wa tiketi angeuliza kama angepewa muda: usalama je? Lile gurudumu lina chuma kimoja tu cha kushika mbele ya mapaja. Likikwama juu, wengine watateremshwa kwa ngazi. Mama atateremshwa na nani?

Hili si la kupuuzwa. Mwaka 2009 huko California, mwanamume mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa ndani ya mashua ya Disneyland, ile safari inayoitwa "it's a small world", mashine ikaharibika. Wageni wengine wakatolewa. Yeye akabaki kama nusu saa kwa sababu hawakuwa na namna ya kumtoa, na wimbo wa safari ukiendelea kuchezwa. Alishtaki, na mwaka 2013 mahakama ikampa dola 8,000. Walikuwa wamefikiria jinsi ya kumwingiza. Jinsi ya kumtoa hawakuifikiria.

Kwa hivyo hofu ya usalama ni hofu ya kweli. Ila angalia inavyotumika. Kwenye bembea nyingi kuna mti wa kupimia watoto urefu. Ukiwa chini ya alama, hupandi. Hakuna anayeuona mti ule kuwa dharau, na sababu ni rahisi: unapima kitu ambacho mashine inakihitaji, na unampima kila mtu. Yule kijana hakumpima Mama. Hakumuuliza kama anaweza kukaa wima, au kama mikono yake ina nguvu ya kushika chuma. Ana nguvu, mkono wake wa kulia hufungua mitungi inayonishinda mimi. Alitazama skuta, akajibu skuta.

Mwaka 1972 Mmarekani mmoja, Robert Perske, aliandika kuhusu heshima iliyomo katika kuhatarisha nafsi. Alikuwa akizungumzia watu wenye ulemavu wa akili, ambao walezi wao waliwakinga na kila kitu kiasi cha kuwakinga na maisha yenyewe. Hoja yake naisema kwa maneno yangu: mtu mzima asiyeruhusiwa hata kujikwaa amegeuzwa mtoto. Mama alilea watoto wanne kwa mshahara wa mwalimu wa msingi. Anajua kupima hatari kuliko mwenye mashine, ambaye kinga yake kubwa siku ile ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo.

Wala si kwamba hakuna njia. Marekani ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu 1990, na viwango vyake vya ujenzi vya 2010 vinataja bembea kabisa: ukijenga mpya, iwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, au kiti ambacho mtu anaweza kuhamia, au kifaa cha kumsaidia kuhamia. Moja kati ya hayo matatu. San Antonio, Texas, kuna bustani inaitwa Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa 2010. Gordon Hartman aliijenga kwa sababu ya binti yake Morgan, na bembea zake nyingine unaingia na kiti chako cha magurudumu na kukifunga pale pale. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, maana betri na maji havipatani.

Najua utaniambia, hiyo ni Texas, hapa ni Kisumu. Sawa. Lakini kitu ambacho Mama alihitaji siku ile kilikuwa jukwaa la mbao la urefu wa kiti cha bembea, lenye mteremko, na mtu wa kusimamisha gurudumu sekunde thelathini zaidi. Hatua zake nne zingetosha. Fundi wa seremala wa Maseno angelitengeneza kwa siku moja.

Sasa nafika kwenye swali la tatu, lile la aibu yangu. Kama jukwaa halikuwepo, na watu wema walikuwepo, kwa nini asibebwe?

Nimelizungusha hili miezi mingi. Sitaki kuwadharau wale vijana wanne. Walikuwa ndio watu pekee pale uwanjani waliofikiri Mama anastahili kupanda. Na sitaki kujifanya kwamba kwetu kila mtu ni kisiwa. Mimi ndiye niliyemwogesha Mama mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake, nikampaka mafuta, nikamvalisha. Hakuwahi kunikatalia. Kwa hivyo si kweli kwamba hapendi mikono ya watu.

Jioni ile tukirudi nilimuuliza. Tulikuwa tumepita Kisian, mtoto amelala mapajani mwake.

"Nyara," akasema, "wewe uliona wanaume wanne. Mimi niliona mikono minane. Mmoja chini ya kwapa langu, mwingine chini ya paja. Sketi inapanda. Simu zinanipiga picha. Halafu nikishuka nianze kusema asante, asante, asante, mpaka getini."

Nikanyamaza.

"Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nibebwe vipi. Waliulizana wao."

Hapo ndipo nilipoanza kuuona msemo wetu kwa jicho lingine. Ukibebwa, bebeka. Tunamwambia mfanyakazi aliyetafutiwa kazi na mjomba, tunamwambia timu iliyopewa penalti ya bure. Maana yake ni: umepewa fadhila, usiwe mzito. Ni ushauri mzuri kwa mtu aliyepewa fadhila. Lakini nani alisema kuingia mahali ulipolipia kiingilio ni fadhila?

Fikiria ngazi. Mtu anayetembea hawezi kupaa hadi ghorofa ya pili. Miguu yake peke yake haimfikishi. Kwa hivyo tukakusanya pesa, tukaita mafundi, tukamjengea ngazi kila mahali, na kumwekea reli ya kushika. Huo ni msaada, tena wa gharama kubwa. Lakini hujawahi kumsikia mtu akifika juu na kuishukuru ngazi, wala hakuna aliyewahi kumwambia, umebebwa na ngazi, bebeka. Msaada wa wengi tumeuzoea mpaka tumeuita jengo. Msaada wa wachache tunauita moyo wa huruma. Mteremko wa zege ni ngazi ya Mama, basi. Ukikosekana, hajapungukiwa yeye, limepungua jengo.

Kuna jambo jingine kuhusu kubebwa ambalo hatulisemi. Kunaficha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe. Miaka mitano. Mwezi Mei 2025 Rais ametia saini sheria mpya, na mimi bado nahesabu ngazi kila nikienda tao na Mama. Kwa nini hakuna anayeona haraka? Nadhani sehemu ya jibu ni wema wetu. Kila siku mahali fulani mtu anabebwa, kazi inaisha, wote wanajisikia vizuri, na mwenye jengo anaenda kulala. Wema wa wanaume wanne umemwokoa mtu wa tano ambaye hakuwepo hata kidogo, yule aliyepaswa kununua mbao.

Je, hiyo ina maana mtu asibebe mtu? Hapana. Moto ukiwaka, nibebe bila kuniuliza. Na kuna siku Mama mwenyewe huita vijana wa boda boda wamvushe mtaro mvua ikinyesha, na huwapa maagizo kama nahodha: wewe shika hapa, wewe usiniguse mgongo, haya, moja, mbili. Siku hizo anabebwa na haoni haya. Tofauti si mikono. Tofauti ni nani aliyeulizwa, nani anayeamua, na kama kukataa kwako kutasikika kama jibu au kama kiburi. Kama huwezi kukataa bila kuitwa mwenye maringo, basi haukuwa msaada. Ilikuwa amri yenye tabasamu, na mimi, binti yake, ndiye niliyeitamka sikioni mwake.

Nimemwomba msamaha. Alicheka, akasema msamaha wangu anautaka kwa vitendo, nimpeleke ziwani.

Mama amezaliwa na kukulia umbali wa safari fupi ya matatu kutoka ziwa Victoria na hajawahi kupanda mashua. Kwa hivyo Februari tukakodi Probox tena, tukafungua gari ya Mwalimu vipande tena. Ufuo gani, hilo nalo naliacha. Nahodha alikuwa mzee mwembamba wa kofia ya sufu. Aliizunguka skuta mara moja, akapiga goti mbele ya Mama ili macho yao yawe sawa, akamsalimu kwa Kijaluo, kisha akamuuliza, "Mwalimu, unasimama dakika ngapi? Mkono upi una nguvu?"

Wakapanga wao wawili, mimi nikiwa nimeshika mkoba. Skuta ingebaki ufuoni. Ubao mpana ungewekwa kutoka kwenye mawe hadi ukingo wa mashua. Mama angepiga hatua zake nne akishika bega lake upande wa kulia. Ndani kungefungwa kiti cha plastiki kwa kamba. Jaketi la kuokolea angevalishwa kwanza, kabla ya ubao, si baada. Na mashua ikizima injini? Mzee alikuwa amelifikiria: mwanawe angetufuata na mashua ya pili.

Halafu akanyanyua uso, akatazama magharibi. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuja, maji yamevaa povu. Kulikuwa na wanafunzi sita wa chuo waliokuwa wamelipa tayari, na wazungu wawili wenye kamera. Mzee akasimama akatikisa kichwa.

"Leo hapana. Simpandishi mtu. Njooni kesho saa moja asubuhi, maji yakiwa yamelala."

Wanafunzi wakalalamika, wazungu wakatazama saa zao. Nilimgeukia Mama nikiogopa uso wake. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Umesikia, nyara?" akaniambia. "Leo tumekataliwa sote."

Akageuza skuta, ikalia tiit, tiit, tiit, na wale wanafunzi wakarudi nyuma pamoja naye kuelekea vibandani, kula samaki.